Anayeimba Wakati wa Kukamua Mawese

Juzi, kwenye duka la fotokopi hapa Rumonge, mama mmoja aliketi na binti yake wakingoja memwari ya binti, yaani tasnifu yake, ifungwe vizuri. Binti anasomea masta ya uchumi wa maendeleo, na Ijumaa ataitetea memwari hiyo Bujumbura, mbele ya maprofesa.

"Mimi sitakuja," alisema mama. "Kifaransa kitanipita, nitakaa pale kama gunia la mihogo."

"Maman, jambo iko moja tu. Ni ukosefu wa kazi uliojificha."

"Umejificha wapi?"

Binti akanyoosha mikono kama anayesukuma mti wa kukamulia mawese. "Tukikamua mafuta nyumbani, tunakuwa wengi. Wachache wangetosha. Wale wengine wako pale, lakini wakiondoka mafuta hayapungui."

Mama akafikiri. "Na yule anayekaa pembeni kutuimbia?"

"Huyo ndiye hasa, maman."

"We mutoto! Umemupeleka baba yako kwa maprofesa?"

Duka zima tukacheka. Nimefundisha watoto miaka mingi, na najua kwamba mfano mzuri hutoka nyumbani, ingawa wenye nyumba hawaombwi ruhusa. Ila sina hakika kama bila wimbo ule mafuta yangetoka yaleyale. Profesa akiuliza hilo, binti awe na jibu.

Mama alisimama, akajifunga kitenge upya.

"Basi nitakuja. Ukimufikia baba yako, ukohoe kidogo, nijue pa kucheka."