Sukari Isiyoingia Kwenye Glasi

Kwa majira mawili ya baridi kazi yangu ilikuwa kubeba mashine ya kupimia presha. Nilikuwa na shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na tasnifu nzima kuhusu namna ya kuwauliza watu maswali ya utafiti bila kuwapotosha, lakini kazi niliyopata ilikuwa ya kupeleka maswali ya wengine milangoni. Kliniki moja ya Stockholm ilitaka kujua ni mambo gani yanayowaweka wagonjwa wake waliozaliwa Uturuki katika hatari ya kisukari, na kwa nini baadhi yao hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Msaidizi anayejua Kituruki hakuwa amepatikana. Kwenye kikao mtu akasema kwamba mgeni humwelewa mgeni, na wote wakanigeukia mimi, Mkenya wa pekee chumbani.

Kila Alhamisi alasiri nilitoka kwangu Sundbyberg, nikabadilisha treni mjini, nikashuka Vårby gård, kitongoji cha kusini. Huko, ghorofa ya sita, aliishi mzee mjane aliyewahi kuwa dereva wa basi, mzaliwa wa mashariki ya Uturuki. Kundi lake katika utafiti lilipimwa kila wiki. Wagonjwa wengine walinipokea kama msoma mita ya umeme. Yeye alinipokea kama mtu aliyechelewa.

"Viatu," aliniambia siku ya kwanza. "Halafu mkono. Halafu chai."

"Sisi haturuhusiwi kula kwa wagonjwa."

"Mgonjwa yuko wapi? Mimi niko kwenye utafiti."

Tulizungumza Kiswidi, kila mmoja na cha kwake. Chake kilikuwa cha vituo vya basi, changu cha barua za maombi ya kazi. Nilimwita mzee, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi hakikunipa neno la kumheshimu aliyenizidi umri. Alilipenda. Yeye akaniita kijana, ingawa nina miaka hamsini na mmoja na goti linalotabiri theluji.

Mezani palikuwa na zeituni, jibini nyeupe, mkate, na glasi mbili ndogo zenye kiuno. Nikafungua fomu. Unatia vijiko vingapi vya sukari kwenye chai?

"Sifuri," alisema, bila kupepesa macho. Nikaandika sifuri.

Swali la mwisho lilihusu upweke, maana watafiti walishuku kwamba nao huumiza mwili: katika siku saba hizi ulikula na mtu mwingine mara ngapi?

Aliinua uso. "Wewe unahesabiwa?"

"Mimi ni mtafiti, mzee."

"Umekula, hujakula?"

"Nimekula."

"Basi andika moja."

Nikaandika moja. Nikiwa kwenye treni ya kurudi nilijijibu swali hilo hilo, nikapata idadi hiyo hiyo, mtu yule yule, meza ile ile. Binti yangu yuko Malmö. Nikimwandikia aya mbili za Kiswahili hunijibu kwa neno moja la Kiswidi, na kipicha cha kidole gumba.

Majibu ya damu yaliporudi, daktari wa utafiti aliyaweka kando ya fomu niliyoijaza akakunja uso. Sukari ilikuwa juu, na ilikuwa imekaa juu kwa miezi. "Lakini mlo wake ni wa mtawa," alisema. Alianza kufikiria kwamba huenda hiki si kisukari cha kawaida. Akaagiza vipimo zaidi na kutaja sindano za insulini. Mimi niliitikia kwa kichwa, kwa busara, kama mtu mwenye tasnifu.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa natafuna zeituni nilipomwona mzee akifanya alichofanya siku zote. Kabla ya kuinua glasi alipeleka mkono mdomoni, akatengeneza kitu, ndipo akanywa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikigeuza macho kwa adabu. Nilidhani ni meno ya bandia yanayolegea.

"Jaribu," alisema, akanisogezea kopo. Ndani mlikuwa na vipande vya sukari vigumu kama kokoto, vilivyokatwa kwa koleo dogo. Kwao, alinieleza, mtu hachafui chai kwa sukari. Unakibana kipande kwa meno ya mbele, chai inapita juu yake. Kipande kizuri kinavuka glasi mbili. "Sukari ya Uswidi ni bure kabisa. Inayeyuka kabla hujameza."

Nilihesabu. Siku hiyo alikunywa glasi saba mbele yangu.

Nilipaswa kupiga simu kesho yake asubuhi. Sikupiga. Nilijua kitakachofuata: fomu itaonekana ina kasoro, atatafutwa mtu wa Kituruki wa kuijaza upya, na Alhamisi zangu zitakwisha. Nikajiambia kwamba nahitaji kuthibitisha zaidi. Nilithibitisha kwa wiki mbili, nikila jibini.

Wiki ya tatu alinitolea barua ya kliniki. Aliitwa akafundishwe kujidunga.

"Kijana, wewe umesoma. Sukari hii inatoka wapi? Mimi sitii hata punje."

Aliikunja barua na kuikunjua tena, kwa mikono iliyoendesha basi kwenye barafu.

"Mzee, ile ya kwenye meno nayo ni sukari."

"Haiingii kwenye glasi."

"Inaingia kwako."

Aliliangalia kopo. "Na wewe umeiona tangu lini?"

"Mwanzoni nilidhani ni meno ya bandia."

"Ya bandia!" Alinifunulia meno yote, yake mwenyewe, ya manjano, akacheka hadi akakohoa. Kisha akalifunika kopo akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo angehitaji kiti kulifikia. "Alhamisi lete zeituni nyeusi," alisema. "Lazima kitu kimoja mezani kiwe kitamu."

Nilisema nitaleta.

Kesho yake nikamweleza daktari yote, pamoja na zile wiki mbili. Hakunikaripia. Alinishukuru sana, akaahirisha sindano, akaandika swali jipya, na ratiba ikabadilishwa. Alhamisi za Vårby gård alipewa muuguzi anayejua Kituruki, aliyepatikana ndani ya siku nne baada ya kukosekana mwaka mzima. Kanuni za utafiti hazimruhusu msaidizi kumtembelea mgonjwa asiye wake. Mimi nikabaki ofisini, kuingiza majibu kwenye kompyuta.

Miezi mitatu baadaye nilikutana na fomu yake, haina jina, lakini namba yake naijua kuliko ya simu yangu. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka vizuri. Vipande vya sukari menoni kwa siku: viwili. Nilitabasamu, kiti alikuwa amekipata. Kisha swali la mwisho. Katika siku saba hizi ulikula na mtu mwingine mara ngapi? Palikuwa patupu; muuguzi huyo hufuata kanuni, hali chochote kwa mgonjwa. Kompyuta haikubali nafasi tupu, kwa hiyo nikabonyeza sifuri.

Njiani kwenda nyumbani nilinunua boksi la sukari ya vipande. Nilichemsha chai, nikakibana kipande kwa meno ya mbele, nikanywa nikiwa nimesimama dirishani. Mzee alisema kweli. Kiliyeyuka kabla sijameza.