Jina la Mwanafunzi

Loretta Pruitt hatulii kitini. Anakaa, anainuka, anachungulia saa ya ukutani, anakaa tena. Fomu ya msaada wa masomo wa serikali kuu anaijua kama kiganja cha mkono wake. Amewajazia wanawe watatu, wote waliosoma chuo hiki hiki cha mji, hapa Ohio. Leo kompyuta imeikataa mara mbili.

"Mashine yenu mbovu hii!" akafoka.

Bi Ocampo wa ofisi ya misaada akainama, akasoma, akacheka. "Dada, mwanafunzi umemwandika Tyra."

"Kwani si mwanangu?"

"Tyra alimaliza mwaka juzi. Anayetaka kusomea uuguzi sasa ni nani?"

Loretta akageuka kutazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu anaingia. Halafu akafuta jina la bintiye, akaandika lake, herufi moja moja. Akaiteremsha fomu hadi mwisho, macho yakihangaika.

"Unatafuta nini tena?"

"Pa mzazi kutia sahihi."

"Hapana pa mzazi. Miaka hamsini na mmoja, dada, unajisimamia mwenyewe."

Miguu ya Loretta ikatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Makubwa!" akasema. "Sasa nikifeli, nitamfokea nani?"