Chungu Kilichowekwa Nyuma ya Mlango

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikichota maji ya kunywa, mwanangu, na kila ikinijia inanichosha upya. Ni siku ya maonyesho ya vyungu vyetu pale mjini Shinyanga, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vipya.

Tulikuwa wanawake wa Kagongwa. Bibi Holo, mfinyanzi kutoka upande wa Nyarugusu, alikuwa ametufundisha kiangazi hadi kiangazi: kuchagua udongo, kutia nakshi, kuchoma kwa nyasi na samadi kavu. Maonyesho yale ndiyo yalikuwa ya kututoa mwali, na ambaye kazi yake ingesifiwa angeitwa kufundisha wengine. Hakuna aliyeitaka nafasi hiyo kama rafiki yangu Kabula. Mumewe alikuwa amemrudisha kwao kwa kuwa hakuzaa. Udongo ndio ulikuwa shamba lake.

Basi sikiliza balaa. Kila chungu kilitakiwa kuwa na kadi yenye jina. Kwetu jina la mke halianikwi mbele ya wakwe, na wakwe walikuwa wanakuja. Mwenyekiti wetu akaamua tuandike kama tunavyoitana. Ikaandikwa Mama Masanja, ndiye mwenyekiti mwenyewe. Mama Limbu, ndiye mimi. Ikaendelea hivyo mpaka tukamfikia Kabula.

"Wewe tukuandike mama nani?"

"Andika Kabula."

"Kabula tu? Wakwe watasema tumechanganya akina mama na mabinti."

"Basi andika Mama Chungu."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Chema chajiuza," akasema Mama Masanja. "Kikae bila kadi."

Lakini kisicho na kadi hakikai mezani. Kikawekwa nyuma ya mlango, kikatiwa maji ya wageni. Nilipobisha niliambiwa, "Mama Limbu, kaa chini, wewe unaye mtoto wa kuitiwa."

Bibi Holo alifika jua limepanda, akaomba maji. Alipokunywa akakipapasa chungu shingoni.

"Hiki cha Kabula. Kimekosa nini?"

Tukamweleza sote kwa pamoja, kelele tupu. Akasubiri tuchoke, akaenda mezani kusomewa kadi.

"Huyu Masanja ni yule mtoto anayekula udongo?"

"Ndiye, bibi."

"Kumbe anaula na kuufinyanga." Akazilaza kadi zote kifudifudi. "Usisafirie nyota ya mwenzio, hata kama umemzaa wewe. Kila mtu aandike jina alilopewa kwao. Asiyetaka, abebe chungu chake."

Unadhani sote tuliona aibu tukaandika? Wapi! Mama Masanja alikunja ngata, akajitwika chungu, akatoka, na wenzake nyuma yake kama mbuzi. Vyungu vizuri vile, vikarudi nyumbani kupikiwa mlenda. Wageni walikuta meza ndefu na vyungu viwili: changu, kimeandikwa Minza, na cha Kabula, bado kimelowa maji. Huyo Kabula ndiye aliyeitwa kwenda Geita kufundisha, akafundisha mpaka nguvu zikamwishia.

Tumemzika mwaka huu, masika yalipoanza. Hakuwa na mtoto wa kumwaga udongo wa kwanza, nikaumwaga mimi. Lakini ukipita Geita leo utakuta mtungi jikoni, na mwenye nyumba atakwambia, "Huu ni wa mkono wa Kabula."

Sasa jana wewe umeniletea vitambaa mlivyofundishwa kutarizi, navyo vinakwenda maonyesho, na chako umekiandika Mama Doto. Nimechoka, mwanangu. Nilidhani jambo hili tulilimaliza. Mtoto ni baraka, lakini si yeye aliyechomwa sindano. Fumua uandike jina lako. Na mwenzako asiye na mtoto usimuulize mama nani. Muulize ameshona nini.

Mungu aitulize mikono yako, na siku utakapoondoka, kazi yako ijue kukutaja.