Aliyekuwa Anapumua Redioni

Elimu yangu iliishia darasa la saba, lakini leo mimi ndiye mkuu wa ulinzi wa kiwanda cha kuchenjulia dhahabu hapa Segese. Bosi aliniajiri kwa sababu nilimwambia nilikuwa afisa wa mawasiliano jeshini, na kwa mambo ya redio hakuna wa kunifundisha.

Wiki iliyopita, mchana kweupe, nilikaa ofisini peke yangu, redio moja kiunoni, nyingine mezani. Ile ya mezani ikaanza kupumua. Pumzi nzito, kama za mtu aliyekimbia.

Nikaishika, nikamwita mlinzi wa getini: "Mama Kulwa, nijibu." Zikajibu pumzi tu. Nikaita walinzi wengine, pumzi tu. Nikajua majambazi wamewakamata wote, na sasa wanaifuata dhahabu iliyo kwenye sefu nyuma yangu. Nikaizima redio ile wasinisikie, nikaingia chini ya meza.

"Mungu wangu, nisamehe," nikanong'ona. "Nilimdanganya bosi. Sikuwa afisa. Nilikuwa nawabebea maafisa betri za redio."

Mlango ukafunguliwa. Nikaona viatu vya bosi na buti za Mama Kulwa. Redio ya mkononi mwa Mama Kulwa ilikuwa ikihema sawasawa na mimi.

"Mzee, kitambi kimebana kitufe cha kuongelea cha redio ya kiunoni," akasema. "Umeziba njia, hatuwezi kukujibu. Kiwanda kizima tunakusikia."

Bosi akainama, akanitazama.

"Betri zenyewe zilikuwa nzito, afisa?"