Rada usawa wa paji la uso la Baba

Honi ya ile meli tuliyoisikia ndani ya ukungu bila kuiona haijanitoka masikioni.

Tangu siku hiyo Baba hajaigusa mashua yetu. Imekaa tu uani, hapa mtaani kwetu, Alum Rock.

Leo nimeifungia rada, ya kuonyesha meli hata kwenye ukungu. Nguzo yake niliipima nikiwa nimeketi mwenyewe penye usukani, ili rada ipite juu ya kichwa.

Nikamsihi Baba ajaribu kiti.

Rada ikamkabili usoni! (Mimi ni mfupi. Yeye sivyo.)

"Mum, hii inatafuta meli ama inatafuta akili zangu?" Baba akaniuliza; mimi bintiye huniita Mum.

Niliona aibu, jamani.

Lakini akaomba tepu, akaanza kupima upya, mwenyewe.

Nguzo ndefu nimeshaiagiza. Na kwa safari ya pamoja ya wenye mashua, baharini Jumamosi, nimeandikisha majina mawili: lake na langu.