Sahani ya Peke Yake

Watu wa mtaa wa viatu walimwita Mama Soli. Aliyeanzisha jina hilo alirushiwa soli ya kichwa siku ileile, lakini jina likabaki.

Mumewe alipofariki, ndugu wa marehemu walikuja kumshauri auze kibanda, wakisema ufundi viatu si kazi ya mwanamke. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza chai yake. Kisha akavaa aproni ya marehemu, iliyomfikia miguuni, akaenda kufungua kibanda. Kwa soli na visigino alimsomesha binti yake wa pekee mpaka akawa karani wa ofisi ya bima, mwenye kiti cha kuzunguka na kucha zinazong'aa. Mama Soli mwenyewe hasira alizaliwa nazo. Mteja aliyebeza kazi yake alirudishiwa kiatu kwa kutupiwa. Hata hivyo hakutokea mtu wa kusema kwamba Mama Soli kamwibia ngozi au kamvunjia ahadi. Jina aliloachiwa na mumewe halikuwa na doa, na alilibeba kama mtu abebavyo mayai.

Madoa yalikuwa kwenye vidole. Rangi nyeusi ilikuwa imeingia katika nyufa za ngozi ikafanya makao. Gundi ilikuwa imekausha ncha za vidole, na ukucha wa dole gumba ulikwenda na kisu zamani, haukurudi.

Binti alipopata mchumba, mama wa kijana, mwalimu mkuu mstaafu, alituma ujumbe kwamba kabla ya posa angependa wazazi wakae wale pamoja. Alichagua mkahawa wa Kisomali. "Nilifundisha miaka mingi mtaa wa Wasomali," alisema kwenye simu. "Wale wanakula sinia moja. Watu wakila sinia moja, mkwe, wanajuana upesi." Kila mtu alielewa: chakula kikienda vizuri, posa italetwa. Kikiharibika, hapana.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Soli alisugua mikono kwa ndimu, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa, mpaka ngozi ikawaka moto. Binti alisimama mlangoni akimtazama.

"Mama, haitoki hiyo."

"Najua haitoki. Nataka wajue nimejaribu."

 Binti alichukua simu yake akatoka kwenda uani.

Mkahawa ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ukimaliza ngazi unakutana kwanza na safu ya masinki na sabuni, ndipo meza za wanaume zenye kelele, na nyuma kabisa vyumba vidogo vya familia vyenye mapazia mazito. Mhudumu alikuwa mtu mzima, ndevu zake zimetiwa hina. Aliwakaribisha wote wanne, akaleta supu katika bakuli, kisha akarudi na sinia kubwa la wali, mbuzi amelala juu yake, na ndizi mbivu, moja kwa kila mtu.

"Ndizi tutakula baadaye," Mama Soli alisema, akiitenga yake.

"Baadaye lini, mkwe?" Mwalimu alicheka. "Inaliwa na wali. Menya, kata, changanya."

"Na nyama?"

"Na nyama!"

"Basi nimeishi bure mpaka leo."

Wakacheka wote, hata mchumba, kijana mwenye aibu ambaye tangu waketi alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Mama Soli alikunja mkono wa gauni. Ndipo mhudumu akarudi, akaweka mbele yake sahani iliyokwisha pakuliwa, na juu yake uma na kijiko. Mbele yake peke yake. Kisha akafunga pazia akaenda zake.

Mama Soli aliitazama sahani. Akatazama sinia, na mikono mitatu safi iliyokuwa karibu nalo.

"Hiyo ya nani?" Mwalimu aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Sijaelewa, mkwe."

"Utaelewaje, wewe uliyesoma!" Damu ilikuwa imempanda. "Kwenye simu ulinidanganya kwa sinia moja. Sinia moja, watu wanajuana! Kumbe mmeniita nije kutengwa kama mgonjwa wa kuambukiza. Kibandani kwangu wapo watu wanaoniletea viatu wamevishika kwa karatasi, lakini hata hao hawajanitengea sahani!"

"Mimi sijaagiza sahani yoyote."

"Basi imepanda ngazi kwa miguu yake?"

"Mama, tafadhali," mchumba alinong'ona, "watu wanasikia."

"Wasikie! Pazia ni la macho, si la masikio. Wajue kwamba mwalimu aliyefundisha adabu watoto wa wenzake, yake aliisahau ubaoni!"

Kelele za meza za nje zilikatika. Mama Soli aliibeba sahani ile, akafunua pazia, akaenda moja kwa moja kwenye masinki, alikosimama mhudumu.

"Nani kakwambia mimi ni wa kutengwa?"

Mhudumu alipokea sahani kwa mikono miwili. "Mama, tulia. Tuliambiwa una maradhi ya ngozi ya mikono. Tukaona tukusitiri, usione haya mbele ya wageni wako."

"Na nani? Yule mwalimu?"

Mzee aliiweka sahani kando. "Niliombwa nisiseme. Lakini nimesikia unavyowatukana watu wasio na kosa, nami siwezi kunyamaza. Aliyepiga simu asubuhi alisema ni binti yako."

Maji ya sinki yalikuwa yakitiririka. Mama Soli aliyafunga. Akafungua tena, akanawa, ili apate la kufanya. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wahenga walisema. Huyu si wa kuzaliwa naye tu, ni wa kumzaa mwenyewe, na ndiye aliyemzushia ugonjwa! Alitamani kurudi amkamate sikio mbele ya wakwe. Lakini akisema, kesho mtaa mzima utajua kwamba nyumba ya marehemu imetoa mtoto anayemtangazia mama yake maradhi. Asiposema, yeye ndiye mwenye mdomo mchafu, na Mwalimu ana haki ya kuondoka.

Alipoingia, Mwalimu alikuwa amesimama, mkoba begani. Binti alikuwa akimenya ndizi polepole mno, macho chini. Mama Soli alimngoja. Alimpa nafasi ya kufungua kinywa, ndefu ya kutosha. Binti alimaliza kumenya, akaiweka ndizi kwenye ukingo wa sinia.

"Mkwe," Mama Soli alisema, "nimekutukana bure. Si wewe uliyeagiza. Nisamehe."

"Ni nani basi?"

"Kosa limetoka nyumbani kwangu. Nitalishona mwenyewe."

Mwalimu alimtazama Mama Soli, kisha akamtazama binti kwa jicho la mtu aliyesimamia mitihani mingi.  Alivua mkoba, akaketi.

"Mwambie mhudumu airudishe ile sahani," alimwambia mwanawe, "aimwage humu humu. Wali haugawanywi."

Wakala. Mama Soli alizamisha vidole vyake vyeusi vyote katika wali, akachanganya na ndizi kama alivyofundishwa. Mwalimu alimsogezea paja la mbuzi. Mama Soli naye alimsogezea mchumba mbavu. Upande wa binti hakusogeza kitu, na binti alikula wali mtupu.

Walipomaliza, Mama Soli aliaga kwanza, akashuka ngazi. Binti alimkimbilia mpaka nje ya duka la vitambaa, mikono bado imelowa.

"Mama, asante. Niliogopa tu. Niliogopa wangeona..."

"Wameona vidole. Wamekula navyo."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekufunika ili usiumbuliwe na mtu mwingine. Kujifunua ni kazi yako. Hawajashuka, wananawa. Panda."

"Sasa hivi? Mama, wataniacha!"

"Na usipopanda, posa ikija nitairudisha mlangoni, na sababu nitawaambia mimi. Na unanijua ninavyosema."

"Mama!"

"Usiniite mama hapa barabarani. Mama yako ana ugonjwa wa ngozi."

Binti alilia, akajifuta kwa kiganja, akamngoja mama alainike. Mama Soli hakulainika. Alisimama akitazama vitambaa vya dirishani asivyoviona, mpaka aliposikia viatu vya binti vinagonga ngazi, kimoja kimoja, kuelekea juu.