Fundi Cherehani kwa Mgonjwa

Fundi cherehani wa jirani hakai sana kwa mgonjwa. Hubisha hodi akiwa amesimama kando ya mlango, macho yasimtangulie ndani, kisha huketi karibu na mto na kuweka juu ya paji la uso kiganja kikavu kinachonuka mafuta ya mashine. Sauti yake huwa ya chini, kama ya mtu anayempima nguo mtoto aliyelala. Wala hasimulii jinsi fulani alivyougua hivyo hivyo akafa. Papa Yusufu, aliyepooza mguu tangu mvua zilipoanza, alikwisha kuwasikia wengi wanaosimulia hivyo, wakimwombea kana kwamba ni maiti, na asubuhi hiyo alikuwa amegeukia ukuta.

“Hakuna mubaya, Papa. Mungu anakusafisha zambi,” fundi alisema alipokwisha kuketi. Lakini safari hii hakuinuka. “Nimekuya kukuomba kitu. Uniombee. Macho yangu inaanza kukataa sindano.”

Yusufu akageuka. “Miye mugonjwa njo nikuombee weye?”

“Dua ya mugonjwa iko karibu na Mungu. Na miye niko na haraka, kuko kostimi ya harusi ya kushona.”

Yusufu alicheka hadi akakohoa. Akajikokota, akaketi mwenyewe bila kushikwa mkono. Akainua viganja, kisha akavishusha, kwa maana miaka yote mtaa mzima ulimwita mtu huyu Fundi tu.

“Jina yako njo nani, kabisa?”

Fundi aliinama akamnong’oneza sikioni, na Yusufu akaanza kumwombea, akilitamka jina hilo polepole.